Mtoto wa Morisi na Sikio la Sungura

Asubuhi ya mvua hapa Bunia baridi huuma. Watoto hufika shuleni wamekunja mikono kifuani, na viganja vyao vimepauka. Lakini mtoto yule yule akishuka siku hiyo kwa njia ya Bogoro mpaka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, mambo hugeuka. Bunia iko juu, karibu mita 1,275 juu ya bahari. Ziwa liko chini, mita 620 hivi, na joto la huko ni jingine. Kabla jua halijafika utosini, uso wake umekuwa wa moto, mishipa ya mikono imevimba, na jasho lamtiririka shingoni.

Damu yake ni ile ile. Hakuna aliyemwongezea hata tone moja. Asubuhi damu iliikimbia ngozi ikajificha ndani ya mwili, na adhuhuri ikarudi kwa wingi. Nani aliiamuru iende, na nani aliiamuru irudi?

Zamani watu hawakujua. Mmoja wa wale waliotuonyesha jibu alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi, hakumwona baba yake hata siku moja, na mama yake alimlea kwa kazi ya sindano. Jina lake lilikuwa Charles-Édouard Brown-Séquard.

Mkitazama ramani ya Afrika mtaona kisiwa kikubwa cha Madagaska upande wa mashariki. Nendeni mbele zaidi, baharini, mtakiona kisiwa cha Morisi, kidogo kama punje ya mtama. Mji wake mkubwa ni Port Louis. Kisiwa hicho kilikuwa cha Wafaransa, kisha mwaka 1810 Waingereza wakakiteka. Hapo Port Louis mtoto huyo alizaliwa tarehe 8 Aprili 1817. Baba yake, Edward Brown, alikuwa Mmarekani wa mji wa Philadelphia, nahodha wa meli ya biashara. Mama yake, Charlotte Séquard, alikuwa wa ukoo wa Kifaransa. Kabla mtoto hajazaliwa, njaa ilitisha kisiwani, naye nahodha Brown akatweka tanga kwenda kuleta mchele. Meli haikurudi. Wala habari yake haikusikika tena.

Mama akabaki peke yake na mimba. Akashona nguo za watu mchana na usiku, akamlisha mwanawe. Kijana alipokua kidogo akatumwa kazi katika duka, apate kumsaidia mama. Lakini moyo wake haukuwa dukani. Alipenda vitabu, alitunga mashairi na hadithi, akaota kuwa mwandishi mkubwa huko Paris. Mwaka 1838 mama na mwana wakapanda meli wakaenda Ufaransa, safari ya miezi mingi, na mali yao yote ilikuwa ndani ya masanduku machache.

Huko Paris kijana akapeleka maandiko yake kwa mwandishi mmoja mwenye sifa, Charles Nodier. Mzee yule akayasoma, akamshauri bila kumficha kwamba atafute kazi nyingine. Ni neno gumu kwa kijana aliyevuka bahari mbili kwa ajili ya ndoto yake. Akalia? Hatujui. Tunajua tu kwamba aliingia chuo cha udaktari.

Mama hakuishi kuona matunda. Alikufa mwanawe akiwa bado mwanafunzi. Kijana alivunjika moyo kabisa, akaacha masomo, akarudi Morisi. Baada ya muda akajikaza, akarejea Paris, akamaliza, na mwaka 1846 akawa daktari. Tangu kufiwa hakutaka kuitwa Brown tu, kwa jina la baba ambaye hakumwona. Aliliunganisha na jina la mama aliyemshonea maisha, na watu wote wakamjua kwa majina hayo mawili pamoja.

Alikuwa daktari wa namna yake. Wagonjwa wangeweza kumletea pesa, lakini alitaka zaidi kujua mwili unavyofanya kazi. Chumba chake kilijaa sungura na panya wa Guinea, na chakula chake kilikuwa kidogo kuliko chao. Alijifanyia majaribio hata yeye mwenyewe: alimeza vipande vya sponji vilivyofungwa uzi, akavivuta tena, apate kutazama maji ya tumbo lake. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka tumbo likazoea kurudisha chakula kinywani, na taabu hiyo haikumwacha maisha yake yote. Msiige jambo hilo.

Sasa tuache kidogo habari za mtu, tutazame damu.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alikuwa amekwisha kuonyesha ya kuwa damu huzunguka. Moyo huisukuma katika mishipa minene, nayo hugawanyika matawi na vitawi mpaka ikawa myembamba kuliko unywele. Kisha damu hurudi moyoni kwa mishipa mingine. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Akiwa ameketi, moyo wake husukuma lita 5 hivi kila dakika. Maana yake damu yote ya mwili hupita moyoni mara moja kila dakika.

Hapo ndipo penye fumbo. Pengine mmeona tangi la maji la misioni, na mabomba yanayotoka humo: moja laenda jikoni, moja bwenini, moja bustanini. Wakifungua yote pamoja, maji hutoka kwa udhaifu kila mahali, na yule wa mwisho hukosa. Mwili una shida hiyo hiyo. Vijishipa vyake ni vingi mno. Vikifunguka vyote kwa saa moja, damu haitavitosha, na moyo utabaki bila kitu cha kusukuma. Basi lazima pawe na mgawaji afunguaye hapa na kufunga pale. Lakini wapi ziko koki za mabomba haya, na nani mwenye kuzishika?

Koki zilikuwa zimeanza kujulikana. Wataalamu waliotumia hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuza vitu vidogo, walikuwa wameona katika kuta za mishipa midogo misuli myembamba iliyozunguka mfano wa pete. Pete ikikaza, mshipa hubanwa. Ikilegea, mshipa hupanuka. Na kukaza kidogo kunatosha. Daktari mmoja wa Paris, Poiseuille, alipima maji yapitayo katika mirija myembamba sana, akaona jambo la kushangaza: mrija ukipungua upana wake mpaka nusu, maji yapitayo hayapungui mpaka nusu, bali hubaki sehemu 1 tu ya 16. Basi mshipa mdogo ukijibana kidogo tu, damu hupungua sana.

Lakini nani huamuru pete hizo?

Katika mji ule ule wa Paris alikuwako bwana mwingine, Claude Bernard, mtoto wa mkulima wa zabibu. Naye pia alikuwa ameota kuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza, naye pia aliambiwa atafute kazi nyingine. Mwaka 1851 Bernard alitaka kujua kazi ya neva moja ipandayo shingoni. Neva ni uzi mweupe upelekao amri za ubongo na uti wa mgongo kwenye viungo. Neva hiyo ya shingoni huenda kichwani, moja kuume na moja kushoto. Bernard akaikata ya upande mmoja katika shingo ya sungura. Alidhani sikio la upande huo litapoa, maana limekosa neva yake.

Likawa la moto. Ukishika masikio mawili ya sungura yule ungejua mara moja, bila kipima joto. Mishipa yake ilionekana wazi, imejaa damu. Kipima joto kilionyesha tofauti ya digrii kadhaa kati ya sikio hili na lile.

Kwa nini sungura? Kila mwenye kibanda cha sungura anajua. Sikio lake ni refu na jembamba, ukiliinua kwenye mwanga waona mishipa kama mito katika ramani. Na si pambo tu. Siku ya joto sungura hupeleka damu nyingi masikioni ipoe kwa upepo. Siku ya baridi huyafunga. Tembo wa msitu wetu wa Ituri hufanya vivyo hivyo: akipepea masikio yake makubwa, anapoza damu yake.

Bernard alikuwa ameona jambo kubwa, lakini hakulifahamu lote. Alifikiri ya kuwa neva ile hutawala joto lenyewe, kwa njia fulani isiyoonekana. Alishika nusu ya ukweli.

Wakati huo Brown-Séquard hakuwa Paris tena. Mwezi Desemba 1851 Louis-Napoléon alinyakua utawala wa Ufaransa kwa nguvu za askari. Brown-Séquard alikuwa mtu wa jamhuri, akaogopa, na mwaka 1852 akakimbilia Marekani, kwenye mji wa baba yake, Philadelphia. Yasemekana alichagua jahazi la matanga badala ya meli ya moshi, apate siku nyingi za kujifunza Kiingereza njiani. Alifika maskini, akajilisha kwa kufundisha Kifaransa na kuzalisha wanawake kwa malipo kidogo. Lakini sungura hawakukosekana.

Alirudia jaribio la Bernard, akaona sikio linapata joto. Kisha akajiuliza swali ambalo Bernard alikuwa hajaliuliza: ikiwa kuikata neva kunaleta damu nyingi, je, kuiamsha neva kutaifukuza damu? Akachukua ule upande wa neva uliokatwa unaoelekea kichwani, akaugusa kwa nguvu kidogo ya umeme. Mishipa ya sikio ikajibana mbele ya macho yake. Wekundu ukafifia, sikio likapauka na kupoa. Akauondoa umeme: damu ikarudi, na joto likarudi pamoja nayo.

Basi fumbo likafunguka. Neva haileti joto wala haiondoi joto. Neva hukaza pete za mishipa. Kila saa, usiku na mchana, hupeleka amri ndogo ya kukaza, nayo mishipa hukaa imebanwa kiasi. Ukiikata, amri hukoma, pete hulegea, damu huingia kwa wingi, na damu ndiyo iletayo joto. Mwezi Agosti 1852 Brown-Séquard akachapisha habari hiyo katika gazeti la madaktari la Philadelphia.

Gazeti lile lilikuwa dogo, na bahari ilikuwa kubwa. Mwezi Novemba mwaka ule ule Bernard, akiwa Paris, alitangaza kwamba naye ameigusa neva kwa umeme na kuona sikio likipoa. Mwanzoni mwa 1853 daktari wa Uingereza, Waller, akasema vivyo hivyo. Bernard alikuwa na cheo na wanafunzi. Brown-Séquard alikuwa mkimbizi anayefundisha Kifaransa ili ale. Kwa hiyo vitabu vingi humpa Bernard sifa yote. Mimi naona si haki. Bernard alifungua mlango, lakini yule mtoto wa Morisi ndiye aliyeingia kwanza na taa.

Msomaji mwenye huruma atauliza habari za sungura wenyewe. Ni kweli waliumia. Dawa ya usingizi ya etha ilikuwa imeanza kujulikana sana mwaka 1846 tu, na kwa wanyama haikutumiwa kila mara. Hata nyumbani mwa Bernard mwenyewe, mkewe na binti zake walichukia kazi yake, na kwa sababu hiyo nyumba yao haikuwa na amani. Siku hizi ziko sheria katika nchi nyingi juu ya majaribio ya namna hiyo, na ni vizuri ziwepo.

Mwaka 1854 Brown-Séquard alikwenda kwao Morisi. Alikuwa hajakaa sana, kipindupindu kikaingia kisiwani, watu wakafa wengi. Akashika kazi ya kuwatibu. Watu wa Ituri, hasa wa vijiji vya ziwani, wanaijua sura ya ugonjwa huo: maji hutoka mwilini kwa kutapika na kuharisha, damu hupungua na kuwa nzito, macho huzama, na mikono huwa baridi kama ya maiti hali mtu yu hai. Ubaridi huo wa mikono ni kazi ya zile pete. Damu imekuwa kidogo, basi mwili huifunga mishipa ya ngozi, ya mikono na ya miguu, ili ile iliyobaki ipewe moyo na ubongo. Ndiyo maana leo mgonjwa hunyweshwa maji yenye chumvi na sukari upesi, au hutiwa maji mshipani, kabla mgawaji hajaishiwa kabisa na cha kugawa.

Brown-Séquard hakuwa na elimu hiyo ya maji na chumvi. Aliamini dawa ya afyuni itaweza kuuzuia ugonjwa, na kwa kuwa hakutaka kuijaribu juu ya mwingine kwanza, alimeza matapishi ya mgonjwa, kisha akanywa dawa ile. Alinusurika. Huenda hata leo madaktari wangemkemea, lakini watu wa Morisi walimwona akikaa na wagonjwa waliokimbiwa na wengine, wakampa nishani ya dhahabu.

Kutoka hapo akaitwa kufundisha Richmond, katika Virginia. Huko alitaka kujua kazi ya ngozi, akajipaka mwili mzima rangi ya vanishi. Mwanafunzi mmoja akamkuta amelala hajitambui, akaisugua vanishi mpaka ikatoka. Hakudumu Richmond. Hakudumu popote. Alikuwa mtu asiyetulia, mwenye haraka, kana kwamba meli ya baba yake inamngoja gatini. Wanasema alivuka bahari ya Atlantiki zaidi ya mara 60 katika maisha yake. Alifundisha Paris, akatibu London katika hospitali mpya ya watu waliopooza na wenye kifafa, akafundisha Boston katika chuo cha Harvard, akarudi tena Paris.

Mwaka 1858 alichapisha jaribio moja ambalo ninyi mnaweza kulifanya leo, bila kisu na bila sungura. Alilifanya pamoja na rafiki yake Tholozan, aliyekuja kuwa daktari wa mfalme wa Uajemi. Walitia mkono mmoja ndani ya maji ya baridi sana, wakapima joto la mkono wa pili, ule mkavu. Mkono mkavu nao ukapoa! Joto la mwili mzima halikubadilika sana, basi si kwamba baridi ilipita ndani ya damu. Ngozi ya mkono wa kwanza ilipeleka habari ya baridi kwenye uti wa mgongo, nao uti ukarudisha amri kwa mikono yote miwili: kazeni. Mgawaji ana masikio pia.

Mwaka huo huo Bernard aliona jambo lililobaki. Kuna neva za kukaza, lakini ziko na neva za kulegeza. Aligusa neva iendayo kwenye tezi ya mate, chini ya taya, na mishipa ya tezi ikafunguka. Damu iliyotoka humo, ambayo kwa kawaida ni nyeusi kidogo, ikatoka nyekundu na kwa kasi, kwa sababu ilipita upesi mno. Ndivyo inavyokuwa wewe unaposikia harufu ya samaki wa Ziwa Albert akikaangwa. Tezi zinahitaji maji ya kutengeneza mate, basi hufunguliwa damu.

Tangu siku hizo wataalamu wengi wamepima ugawaji huu. Mtu akiketi kimya, misuli yake yote hupata lita 1 hivi ya damu kila dakika. Matumbo, ini na mafigo pamoja huchukua karibu nusu ya damu yote. Mtu huyo huyo akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wake utasukuma lita 20 au zaidi kwa dakika, na sehemu kubwa mno, lita 15 na kuzidi, itakwenda kwenye misuli. Matumbo yatafungiwa. Kwa hiyo mkicheza mpira mara baada ya kula ugali wa kushiba, tumbo huuma: viungo viwili vinadai damu ile ile. Na misuli yenyewe haingoji amri tu. Ikifanya kazi, uchafu wake na joto lake huzilegeza pete zilizo karibu, kwa hiyo mwenye kazi hujifungulia. Lakini ubongo haupunguziwi wala hauongezewi sana. Ukiwa umelala au unakimbia, hupewa karibu robo tatu ya lita kila dakika, kwa sababu ukikosa damu kwa sekunde chache tu, mtu huanguka.

Mimi nimewaona wakianguka. Watoto wamesimama mstari mrefu juani, hotuba imezidi, na mmoja anayumba. Mtu akisimama, damu hutaka kushuka miguuni kama maji yote. Kwa kawaida neva huikaza upesi mishipa ya miguu na ya tumbo, na hatujui hata kama kazi hiyo inafanyika. Lakini joto huilegeza mishipa ya ngozi, na mtoto asiyekunywa maji ana damu pungufu, na asiyetikisa miguu haisaidii kupanda. Ubongo unakosa fungu lake, macho yanaona giza, chini anakwenda. Watu hukimbilia kumsimamisha. Kosa! Mlaze, umwinue miguu. Akilala, damu haina mlima wa kupanda, naye hufumbua macho.

Na homa ya malaria? Mgonjwa anatetemeka chini ya mablanketi matatu, ngozi yake baridi, hali ndani joto lapanda. Mishipa ya ngozi imefungwa, joto halina mlango wa kutokea. Baadaye homa ikivunjika, milango yafunguliwa: ngozi yawa moto, jasho lalowesha mkeka. Mama anayesema sasa homa inatoka ameona vizuri.

Mwaka 1878 Claude Bernard alifariki, na Ufaransa ikamzika kwa heshima ya serikali, heshima ambayo haikuwahi kupewa mtaalamu wa sayansi. Kiti chake katika Collège de France kikawa wazi. Akakaliwa na nani? Na Brown-Séquard, mwenye miaka 61. Yule mkimbizi akafundisha katika chumba cha mshindani wake mpaka mwisho.

Uzeeni alichekwa. Mwaka 1889 alitangaza ya kuwa amejidunga maji yaliyotolewa katika tezi za wanyama, na nguvu za ujana zimemrudia. Dawa ile haikufaa kitu, ingawa watu wengi wenye pesa waliinunua. Lakini ndani ya kosa lile mlikuwa na wazo la kweli, nalo alikuwa nalo tangu zamani: kwamba tezi humwaga ndani ya damu maji yenye kazi. Mwaka 1856 alikuwa ameonyesha ya kuwa mnyama akiondolewa vitezi viwili vidogo vilivyo juu ya mafigo yake hufa upesi. Kwa nini hufa, hakuweza kusema.

Brown-Séquard alifariki Paris mwezi Aprili 1894. Mwaka ule ule, huko Uingereza, daktari Oliver na mwalimu Schäfer walichukua maji ya vitezi hivyo hivyo vya juu ya mafigo, wakayatia katika damu ya mnyama. Mishipa midogo ikajibana kwa nguvu, na msukumo wa damu ukapanda sana. Ndiyo dawa tuiitayo leo adrenalini.

Mtoto akikanyaga majani njiani na kumwona nyoka, vitezi hivyo viwili humwaga maji yake damuni. Moyo hupiga ngoma, viganja huwa baridi, tumbo hujifunga, na damu yote iwezayo kupatikana hukimbilia kwenye mapaja, kabla mtoto hajajua kwamba amekwisha kuruka.